Shija

Diski mbili za ushirika nilizipa majina siku ya kuzifunga:
Kulwa juu, Doto chini.
Kila alichoandikiwa Kulwa, Doto alikiandika pia,
deni kwa deni, senti kwa senti,
hata Nyanjige mhasibu alipopiga sifuri moja zaidi
waliibeba wote wawili bila kucheka.

Jumanne, saa tisa alasiri, umeme ukakatika Kirumba,
ukarudi, ukakatika, ukarudi na hasira.
Kulwa akaanza kugonga ndani ya kasha,
ko, ko, ko,
mtu aliyesahau funguo na hataki kuamsha jirani.
Kisha akanyamaza.

Hapa Mwaloni habari hukauka upesi kuliko dagaa.
Sijapata hata bisibisi,
mlango umeshajaa wenye akiba, mikono kichwani,
na nyuma yao, wametulia mno, wenye mikopo.
Siwataji. Ila yupo aliyeniletea soda baridi
akaniuliza kwa upole,
"Fundi, kwani ni lazima apone?"

Nikamchomoa Kulwa, angali wa moto.
Nikamweka mgeni mahali pake, plastiki bado usoni.
Usukumani anayewafuata pacha hatafutiwi jina, analikuta:
Shija.
Nikaandika amri. Nikakagua mara tatu
yupi anatoa, yupi anapokea,
maana ukizikosea nafasi hizo
mtupu humfundisha mjuzi utupu.
Nikabonyeza.

Asilimia moja. Doto akaanza kusimulia.
Asilimia tisa: magunia ya Januari.
Thelathini na tatu: mkopo wa mashine ya barafu,
faini za waliochelewa kikao.
Wadudu wa ziwani wameifunika skrini,
nawafuta kwa kiganja, wananata juu ya tarakimu.
Saa nane usiku, sabini na moja.
Saa nane na nusu, sabini na moja.
Sabini na moja.

Doto naye amechoka.
Tumbo moja, kiwanda kimoja, mwezi mmoja;
nilizinunua pamoja kwa sababu muuzaji alipunguza bei.
Hilo ni langu. Umeme hauhusiki.

Nilimwambia Nyanjige bila kumtazama.
Hakusema neno. Alipanda bodaboda mpaka Pasiansi,
akarudi na kopo la biskuti,
ndani yake kipande cha khanga,
ndani ya khanga, diski ya nakala.
"Ulisema ikae mbali na ofisi.
Imekaa chini ya kitanda changu miaka miwili,
mume wangu anadhani ni dhahabu."

Nikamfuta Shija aanze upya.
Kufikia adhana ya alfajiri alishaijua historia yote
mpaka tarehe kumi na nane.
Leo thelathini.

Siku kumi na mbili tulizisaka kwenye karatasi:
stakabadhi zenye magamba,
nyingine imefungia karanga,
nyingine ina namba ya simu ya mtu na moyo uliochorwa.
Nyanjige anasoma, mimi naandika.
Ya mwisho ililowa. Wino umekimbia,
zimesalia herufi mbili, Mb,
na kiasi kimekwenda na maji.

Kulipopambazuka akaingia Mbula Masalu, beseni kiunoni.
"Mwangaluka. Nadaiwa laki mbili na arobaini.
Andikeni."
Nyanjige akamwonyesha karatasi tupu.
"Mama, hapa hakuna kinachosema hivyo."
"Mimi nasema."

Nikaandika. Shija akapokea.

Shija yuko peke yake kwa sasa, na silali vizuri.
Mwisho wa mwezi tunamletea Kashinje,
safari hii kutoka duka jingine.
Kopo la biskuti limerudi Pasiansi, limeshiba.
Kulwa yupo mezani,
anazikandamiza stakabadhi
dirisha likiwa wazi na upepo wa ziwa ukiingia.